Mto Mara haujulikani kwa ziara ya wiki moja

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea juu wakiwa wamekufa. Wananchi wa kandokando ya mto, kuelekea daraja la Kirumi, walizuiwa kwa muda kuyatumia. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu, na kamati ikarudi na jibu: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza kwenye kinamasi, ndivyo vilivyomaliza oksijeni majini. Watu wakacheka kwanza, kisha wakakasirika. Mitandaoni ng'ombe walipata mawakili kuliko mtuhumiwa yeyote wa mwaka ule. Kila mtu alijua bonde lile lina mgodi mkubwa wa dhahabu, na watu wa Tarime hawajasahau malalamiko yao ya zamani kuhusu maji.

Sina nia ya kuifungua kesi ile upya. Kilichonisumbua ni kingine. Katika mabishano yote yale, ya wataalamu na ya sisi tusio wataalamu, sikuona mtu akiweka mezani vipimo vya oksijeni vya eneo lile vilivyochukuliwa mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, kabla samaki hawajafa. Tulikuwa tunabishana kuhusu ugonjwa wa mtu ambaye hatujawahi kumpima akiwa mzima.

Huko juu zaidi kwenye mto uleule, ndani ya Maasai Mara, vipimo vya namna hiyo vilikuwepo. Vilikuwepo kwa sababu watafiti wachache waliamua kukaa kwenye mto mmoja kwa muda ambao wengi wangeuona ni kupoteza kazi. Anayenivutia zaidi kati yao ni Amanda Subalusky, mwanaikolojia Mmarekani ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Florida, na mwenzake katika kazi hiyo, Christopher Dutton. Namtumia yeye kama mfano, ingawa hoja yangu inatuhusu sisi.

Subalusky hakuanza na nyumbu wala viboko. Kazi yake ya awali, kusini mwa Marekani, ilihusu wale mamba wa kwao wanaoitwa aligeta: wadogo wanakulia kwenye madimbwi ya msituni, wakubwa wanahamia kwenye vijito, na kwa kuhama huko wanaunganisha maji ambayo ramani inayaonyesha yametengana. Swali lenyewe dogo, ila limemfuata maisha yake yote ya utafiti: mnyama anapoingia majini na kutoka, anabeba nini, kiasi gani, na anakiacha wapi? Alipofika Mara, kabla ya shahada ya uzamivu, alikuja kwa kazi ya kawaida kabisa ya wataalamu wa maji, kukadiria ni kiasi gani cha maji kinapaswa kubaki mtoni ili mto uendelee kuishi. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unahesabu watu, unahesabu mifugo, unahesabu samaki na wanyamapori, halafu unajumlisha kiu yao. Wanyama wote wako upande wa matumizi. Swali la aligeta linakuja na kupindua hesabu: vipi kama mnyama hanywi tu mto, bali pia anautengeneza?

Mto wenyewe una urefu wa karibu kilomita 400. Unaanzia milima ya Mau, vijito vya Nyangores na Amala vinakutana, unapita Maasai Mara, unavuka mpaka na kuingia Serengeti, unajitandaza kwenye kinamasi kikubwa, kisha unaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Karibu theluthi mbili ya bonde iko Kenya. Katikati ya safari hiyo ndipo zaidi ya nyumbu milioni moja wanapovuka, wakienda na kurudi.

Sote tumeziona picha za wavukaji hao, nyumbu wanarukia maji na mamba anavizia. Watalii wanalipa fedha nyingi kuliona tukio hilo na kamera zinafungwa likiisha. Subalusky na wenzake walianza kazi pale kamera zinapofungwa. Walichukua kumbukumbu za hifadhi kuanzia 2001 hadi 2015, wakaongeza hesabu zao za mizoga, na mwaka 2017 wakachapisha majibu. Katika miaka 13 kati ya hiyo 15 kulikuwa na vifo vya pamoja vya kuzama. Kwa wastani nyumbu 6,250 wanazama kila mwaka, na nyama na mifupa inayoingia mtoni ni tani 1,100. Ukiipakia kwenye Fuso za tani 10 ni Fuso 110, zinamwagwa mtoni ndani ya miezi michache.

Mamba, yule nyota wa filamu, anakula sehemu ndogo tu. Tai na korongo wanachukua sehemu yao na kuipeleka nchi kavu. Kilichobaki kinaozea majini: nyama na matumbo kwa wiki 2 hadi 10, mifupa kwa miaka 7. Hapo ndipo utafiti unapopendeza. Unachukua mifupa, unaiacha mtoni, unarudi kuipima uzito, unarudi tena. Unavua samaki, unakata kipande kidogo cha msuli, unaangalia aisotopu za kaboni na naitrojeni zilizomo, maana chakula alichokula samaki kinaacha alama yake mwilini. Mizoga inapokuwepo, asilimia 34 hadi 50 ya chakula cha samaki wa kawaida wa sehemu ile inatokana na nyumbu. Mizoga ikishakwisha, utando wa vijidudu unaoota juu ya mifupa bado unawalisha samaki, kati ya asilimia 7 na 24 ya mlo wao. Mifupa ni karibu nusu ya shehena yote na imejaa fosforasi. Nyumbu aliyezama 2010 alikuwa bado anaulisha mto 2016.

Mifupa inahitaji miaka 7. Mradi wa ufadhili, kwa kawaida, una miaka 3. Nitalirudia hili.

Viboko ni habari nyingine, na ndiyo inayotugusa moja kwa moja. Kwenye sehemu ya Mara iliyo Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanatoka kula nyasi, mchana wanalala majini, na humo humo majini wanajisaidia, mkia ukipiga kama feni. Kwa siku moja wanaingiza mtoni kilo 8,500 hivi za majani yaliyosagwa nusu. Kiangazi, maji yakipungua, mzigo huo unatulia chini ya bwawa. Vijidudu vinauvunja na kuitumia oksijeni yote, mpaka sakafuni panabaki amonia, methani, na ile gesi ya salfaidi inayonuka yai viza. Kwa juu mambo ni shwari, viboko wanapumua hewa yao na wanakoroma. Siku mvua kubwa inaponyesha juu, mto unapanda ghafla, unakwangua sakafu ya mabwawa na kuyasukuma yale maji yasiyo na oksijeni kuelekea chini. Samaki waliokuwa kilomita kadhaa mbali wanajikuta wamefunikwa. Kesho yake ukingoni kuna mizoga ya samaki, na korongo wamejipanga foleni.

Ili kulijua hilo ilibidi vipimo vikae majini wakati wote. Dutton na wenzake walirekodi, kwa miaka 3, mara 49 ambapo mto ulipanda na oksijeni ikashuka. Mara 13 kati ya hizo ilishuka hadi kiwango cha hatari kwa samaki. Kwa miaka 5 walishuhudia vifo vya samaki mara 9. Walipotaka kujua kilichomo ndani ya mabwawa yenyewe walituma kimashua kinachoongozwa kwa rimoti, kwa kuwa mwenye akili timamu haingii kwenye bwawa la viboko na chupa ya sampuli mkononi. Matokeo yalichapishwa 2018, na sentensi moja katika hayo ilipaswa kusomwa kwa sauti Dodoma na Nairobi: samaki wanaweza kufa kwa wingi katika mto ambao haujachafuliwa na binadamu hata kidogo.

Najua sentensi hiyo inavyoweza kutumiwa vibaya. Kesho mwenye kiwanda ataibeba kama ngao: si mnaona, samaki hufa wenyewe. Ndiyo maana nasema thamani ya kazi hii imo zaidi kwenye kumbukumbu kuliko kwenye hitimisho. Anayekuwa na vipimo vya miaka anajua maji ya viboko yanavyofanana: oksijeni inashuka mto ukipanda, amonia inapanda, salfaidi inanuka, na mambo yanarudi sawa baada ya saa kadhaa. Samaki wakifa oksijeni ikiwa nzuri na mto haujapanda, huyo si kiboko wala si ng'ombe, na mtu wa kemikali anapaswa kuulizwa maswali. Tena aulizwe upesi. Sumu kama sayanidi huvunjika juani na hewani, na kamati inayofika siku kadhaa baadaye inachota maji mengine kabisa. Kumbukumbu hiyo inamlinda mwenye mgodi asiye na kosa, na inamfunga aliye nalo. Bila hiyo kila upande unabaki na imani yake, kama tulivyobaki nazo mwaka 2022.

Na ng'ombe je? Hapa mtu wa kumsikiliza ni Frank Masese wa Chuo Kikuu cha Eldoret, ambaye ameifanya mito ya Kenya, Mara ikiwemo, kuwa kazi yake. Yeye na wenzake, Subalusky na Dutton wakiwemo, walilinganisha kinyesi cha ng'ombe na cha kiboko. Ng'ombe mmoja anaingiza mtoni kidogo kuliko kiboko mmoja, jambo ambalo hata mtoto angelikisia. Lakini ng'ombe ni wengi mno, na jumla yao si haba. Zaidi ya hapo, kinyesi cha ng'ombe kinaachia majini virutubisho vingi kuliko cha kiboko, ambacho kimejaa nyuzi ngumu za majani. Kwenye majaribio yao mwani uliota zaidi palipowekwa cha ng'ombe. Kwa hiyo kumwondoa kiboko na kumweka ng'ombe hakuuachi mto ulivyokuwa, hata kama uzito wa kinyesi ni uleule. Tulioicheka kamati tulikuwa na sababu zetu za kuishuku, ila wazo kwamba ng'ombe wanaweza kuubadili mto halikuwa la kuchekesha. Lilihitaji namba za mahali pale, na za muda mrefu.

Kuna jambo pana zaidi katika kazi ya Subalusky ambalo naona halijapewa uzito hapa kwetu. Sayansi ya mito, ile inayofundishwa vyuoni, imejengwa kwa sehemu kubwa kwenye mito ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mito hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza wanyama wake wakubwa kabla mtu wa kwanza hajaingiza kipimo majini. Nyati wa Marekani waliangamizwa karne ya 19, na mito waliyokuwa wakiivuka haikupimwa wakiwa hai. Kwa hiyo picha ya mto safi iliyomo vitabuni, maji maangavu, oksijeni tele, virutubisho haba, huenda kwa kiasi fulani ni picha ya mto mtupu. Halafu viwango hivyo tunaviazima, tunavibandika kwenye mto wenye viboko 4,000 na tani 1,100 za nyumbu, tunashangaa mto unapofeli mtihani. Mara ni mmoja wa mito michache duniani ambako bado unaweza kuona mto wenye wanyama ulikuwaje. Heshima hiyo tunaitumia kwenye vipeperushi vya utalii. Kwenye maabara zetu haionekani sana.

Hapa ndipo ninapotaka kubishana kidogo na sifa nilizokwisha kumwaga. Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini waliogundua haya wanatoka Yale na Florida, vyuo vikuu vya Marekani, na sisi tunasoma habari za mto wetu kwenye majarida yao. Jibu la haraka ni ukoloni wa kitaaluma, na lina ukweli wake, maana fedha, maabara na majina ya kwanza kwenye makala nyingi viko ng'ambo. Lakini jibu hilo linatuachia raha ya kulaumu bila kufanya kitu. Wakenya wamo kwenye kazi hii, na si kama wapagazi tu. Erustus Kanga alichapisha utafiti wake wa idadi ya viboko wa eneo la Mara mwaka 2011, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Masese nimekwisha kumtaja. Hesabu za nyumbu waliozama zisingefika mbali bila walioziandika hifadhini mwaka hadi mwaka, tena pengine bila kujua zitamfaa nani.

Kinachotukwamisha naona ni kwamba hatujaamua kulipia kukaa. Mhadhiri wa chuo cha umma ana madarasa ya mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha, na kupanda kwake cheo kunapimwa kwa idadi ya machapisho. Mwambie aache mifupa mtoni kwa miaka 7 ndipo aandike. Atakachofanya, na ningefanya vivyo hivyo, ni kuchukua sampuli za msimu mmoja, kulinganisha na viwango vya kuazima, kuandika, kusonga mbele. Miradi ya wafadhili nayo inakuja na magari na vipimo. Miaka 3 ikiisha magari yanagawanywa, vipimo vinabaki stoo betri zikivuja. Mtafiti anahamia kule fedha zilikohamia: jana mito, leo hewa ya ukaa, kesho sijui nini. Subalusky alipata kitu ambacho hakitokani na kipaji peke yake, muongo na zaidi wa kuliuliza swali lilelile mahali palepale.

Tumewahi kuona kwetu faida ya ukaaji wa namna hiyo. Kuanzia 1977 Frans Witte na wenzake kutoka Leiden, Uholanzi, walikaa Mwanza wakivua na kuainisha furu, samaki ambao wavuvi wengi waliwaona wa kukaushia tu. Mapema miaka ya 1980 sangara, mla samaki wenzake, akaongezeka ghafla kwenye Ghuba ya Mwanza. Kwa kuwa kulikuwa na orodha ya furu waliokuwepo kabla, dunia iliweza kujua kilichopotea: aina zinazokaribia 200, kwa makadirio ya Witte na wenzake ya 1992. Bila orodha ile tungekuwa na hadithi za wazee wa Mwanza kwamba zamani ziwa lilikuwa na samaki wengi wadogo wa rangi rangi, na mtu angewajibu kwamba wazee husema hivyo siku zote. Ruaha Mkuu tunajua ulianza kukauka ndani ya hifadhi mwaka 1993, kwa sababu watu walikuwepo pale kuona. Mito mingapi midogo imekauka bila kuandikwa popote, siwezi hata kukisia.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya mazingira yatengwe kwanza kabla ya mtu yeyote kupewa kibali cha kuchota. Kenya nayo ina kifungu cha aina hiyo. Tatizo linaanza pale ofisa wa bodi ya bonde anapotakiwa kuandika namba. Kwa Mara, namba hiyo haiwezi kuwa ya kiu peke yake. Kila lita inayoondolewa kiangazi, kwa umwagiliaji huku juu au kwa kukatwa misitu ya Mau, inaongeza muda ambao kinyesi cha viboko kinalala sakafuni kabla ya mvua ya kukisafisha. Mabwawa yanayozungumzwa, Borenga upande wa Tanzania likiwa mojawapo, yatabadilisha siyo wingi wa maji tu, bali pia lini mto unapanda na kwa kasi gani. Mafuriko madogo ya mara kwa mara yakizuiwa, lile moja kubwa litakalopita litakuta mzigo wa miezi mingi. Mhandisi anayechora bwawa hilo anahitaji grafu za oksijeni mezani pamoja na grafu za mvua.

Kwa gharama, hatuzungumzii darubini ya anga za juu. Kipimo cha oksijeni pale Kogatende mto unapopita Serengeti, kingine Mara Mines ambako kina cha mto kimepimwa kwa miongo, na cha tatu Kirumi. Takwimu ziwekwe wazi, mwananchi wa Musoma azione kwenye simu siku hiyohiyo, asisubiri kamati. Fedha za kuvinunua zitapatikana, hata kwa mfadhili. Ila kipimo cha oksijeni kikikaa majini siku chache kinaota utando wa mwani na kuzibwa na tope, kinaanza kusoma uongo. Lazima mtu ashuke mtoni kila wiki, askari mwenye bunduki akiwa nyuma yake akiangalia mamba, akitoe, akisugue kwa brashi, akirudishe, aandike saa. Afanye hivyo mwaka mzima, na unaofuata, na wa kumi. Mshahara wa mtu huyo ndio usiopata mfadhili.